Kumwonyesha Mume Wangu Ndege

Mwaka ule mume wangu alipokatazwa kuendesha gari, ilibidi mimi ndiye nimpeleke kwa ndege wake. Sikupenda. Mimi si mtu wa ndege wala si mtu wa baridi, na barabara kuu za huku Marekani nilizikwepa tangu nilipopata leseni. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilikuwa nafika kwa kupitia mitaani, polepole, taa hadi taa. Ndege wake walikuwa mbali, upande wa mashariki, zaidi ya saa nzima kutoka kwenye fleti yetu ya Adelphi, huko mto unakoingia kwenye ghuba. Pale nchi kavu haikomi ghafla. Inaanza kulegea tu: kwanza majani, halafu matete, halafu tope, halafu maji ya kijivu yasiyo na mwisho. Serikali imepatenga pawe hifadhi, na hakuna anayeruhusiwa kujenga.

Alipagundua kwa bahati. Alikuwa dereva wa basi dogo, akiwapeleka mafundi kwenye majengo na kuwasubiri wamalize. Siku moja mwishoni mwa baridi aliwapeleka karibu na ghuba, akakaa garini kutwa. Jioni akawaona bata bukini wakitua, kundi baada ya kundi, mpaka maji yakafunikwa. Usiku ule hakukaa mezani kwanza. Alisimama mlangoni na koti lake mwilini, akinisimulia, chakula kikipoa. Tangu hapo akanunua darubini ya mtumba, na kila Jumamosi ya mwisho wa baridi akawa haonekani nyumbani.

Watu wetu walimcheka. Kanisani Takoma Park, tukinywa chai baada ya ibada, muuguzi mmoja Mkenya alimuuliza, "Sasa mzee, hao bata unaenda kuwawinda?"

"Naenda kuwatazama."

"Halafu?"

"Halafu narudi nyumbani."

Yule muuguzi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mume wangu naye alicheka, hakuwa mtu wa kununa. Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia. Yeye amekulia Ifakara, kwenye mashamba ya mpunga, na utotoni kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Msimu mzima alishinda juu ya dungu na kombeo mkononi, akipiga kelele mpaka sauti inakauka, ili kweleakwelea wasiumalize mpunga wa mama yake. Mimi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunja nguo: "Nimewafukuza ndege tangu nina meno ya utoto. Nataka nione wanafanya nini wasipofukuzwa."

Macho yake yalianza kuharibika bila kelele. Alikwaruza gari kwenye nguzo, akailaumu nguzo. Akagonga mguu kwenye meza ambayo tumeishi nayo miaka yote, akasema nimeisogeza. Kisha siku moja, karibu na nyumbani, kwenye kivuko cha University Boulevard, mama mmoja aliyekuwa akisukuma mtoto kwenye kigari alilipiga boneti la basi kwa kiganja. Mume wangu alikuwa hajamwona kabisa. Hakuna aliyeumia. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu, akaketi kitandani na viatu vyake, akasema, "Alikuwa mbele yangu, mama. Alikuwa hapa hapa."

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imemla siku nyingi, kwa kuwa ugonjwa huo hauumi. Pembeni kote kumekufa. Kilichobaki ni tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichokufa hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki, kama kitalindika. Na gari, daktari alisema, basi.

Hivyo ndivyo ugonjwa ule ulivyotuchanganya nyumbani. Mume wangu aliweza kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa, na papo hapo asikione kikombe kilichokuwa kando yake, akakimwaga. Wageni walidhani anaigiza. Mwezi wa kwanza wote alikaa dirishani. Dirisha letu linatazama eneo la kuegesha magari, na kitu pekee chenye mabawa pale ni shakwe wanaogombea mifuko ya chipsi. Alikuwa anawatazama hao. Kula akawa anakula kwa kulazimishwa. Nikirudi kutoka kazini saa sita usiku namkuta pale pale, taa haijawashwa, na nikimuuliza kwa nini ananijibu kwamba kwake ni mamoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilichoka. Nilimtupia koti mapajani.

"Vaa."

"Tunaenda wapi?"

"Unakokujua."

"Utaweza ile barabara?"

"Sijui. Vaa."

Safari ile siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikuona kitu zaidi ya magari. Malori yalitupita huku na huku, maji machafu ya theluji iliyoyeyuka yakirushwa kwenye kioo, na mimi nimeshika usukani kama nimeshika mbuzi asitoroke. Mume wangu, aliyeendesha gari maisha yake yote, hakuniambia hata neno moja la kunirekebisha. Aliweka mikono magotini akatazama mbele. Njia aliijua kichwani. "Sasa kaa kulia," alisema. "Sasa toka." Tulipoingia kwenye barabara ndogo yenye mashamba matupu pande zote mbili, nilisimamisha gari nikalia kidogo. Alingoja nikamaliza.

Hifadhi yenyewe haikuwa na mtu. Kibanda cha walinzi kilifungwa. Kulikuwa na ubao wenye picha za ndege ambazo jua limezifuta, na njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, ikiingia ndani kabisa ya matete mpaka kwenye maji. Matete yalikuwa makavu, rangi ya mkeka wa zamani, na upepo ukipita yanasagana. Harufu ilikuwa ya kitu kilichooza na kuganda. Wingu lilikuwa chini. Nilijiuliza, na nilimuuliza yeye pia, huyu mtu amekuwa akiacha kitanda chenye joto kuja kutazama haya?

Alikuwa tayari ameweka darubini machoni. Ndipo nilipoelewa kazi iliyokuwa ikinisubiri. Ndani ya lile tundu lake bado aliona vizuri. Bata akiwa katikati ya darubini, alimwona mpaka rangi ya mdomo. Asichoweza ni kumpata. Maji yale yote, mbingu ile yote, naye ana tundu la ufunguo la kuyapekulia. Aliipeleka darubini huku na huku kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Wako wapi?" aliniuliza.

"Si wale pale."

"Pale wapi? Mama, 'pale' si mahali."

Akanifundisha namna ya watazamaji wa ndege. Unachukulia umesimama katikati ya saa ya ukutani. Mbele yako kabisa ni saa sita, nyuma yako ni saa kumi na mbili, halafu unataja mshale unakoelekea. Mimi, kwa miaka ya kazi na Wamarekani, nimezoea kuisoma saa kwa namba zao. Nikamwambia kuna korongo saa tatu, nikimaanisha kulia, penye namba tatu. Yeye kwa Kiswahili chake saa tatu ni mshale kushoto. Akageukia kushoto, akatafuta, akatafuta.

"Hakuna korongo."

"Yupo! Mkubwa hivyo, amesimama!"

"Saa tatu kuna nguzo tu."

Tulipayukiana pale kwenye mbao mpaka korongo mwenyewe akachoka na sisi, akakunjua mabawa yake ya kijivu, akaondoka akilalamika. Mume wangu alishusha darubini, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza kutazama. Nilikuwa najua bata na kuku tu. Sasa ilibidi nimweleze mtu ninachokiona, na ukilazimika kumweleza mtu huwezi tena kusema "bata." Walikuwepo bata bukini, shingo nyeusi na kitambaa cheupe kidevuni, wakipiga kelele kama watu wa harusi. Walikuwepo wadogo wenye kichwa cheusi na doa jeupe nyuma, wanaozama ghafla na kuibukia mahali pengine, na hao walinitesa, maana nikimaliza kusema walipo hawapo tena. Ndege weusi wenye mabega mekundu walining'inia juu ya matete wakikwaruza koo. Na mbali, penye maji mapana, walikuwepo wale bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu wanaoitwa swani. Mume wangu aliwapenda hao kuliko wote. Wanakaa kwenye ghuba baridi yote, alinieleza, kisha mwezi wa tatu wanaondoka, wanarudi kaskazini kwenye barafu kuzaa. Wanatulia, hawakimbiikimbii. Nikishampatia kundi lile, aliweza kuwatazama kwa muda mrefu bila kunihitaji. Mimi nikawa nasimama kando yake na mikono yangu makwapani, nikihesabu mambo ya nyumbani.

Tulienda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Barabara haikunizoea, ila nilizidi kuivumilia. Siwezi kusema tulikuwa na furaha. Mbingu ilikuwa ile ile na tope lile lile, na nilijua, naye alijua, kwamba tunachota kutoka kwenye mtungi unaovuja. Lakini alikuwa anakula.

Siku aliyoanguka, mbao zilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Njia ile ina mkono wa kushikia upande mmoja tu. Tulitembea yeye akiwa upande wa mkono, mimi upande ulio wazi, na hilo tulikuwa tumekubaliana. Kisha tai akapita juu yetu, tai mkubwa mwenye kichwa cheupe, na kwa upumbavu nikapiga kelele, "Juu! Tai! Anaelekea nyuma yako!" Aligeuka na darubini machoni, akapiga hatua mbili za mtu anayefuata kitu, akapita nyuma yangu. Niliposikia mbao hazitoi tena sauti ya viatu vyake, alikuwa tayari ndani.

Hakukuwa na kina kirefu, ila tope lilimshika mpaka mapajani na maji yalimfika tumboni. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyepigwa ngumi. Nililala kifudifudi kwenye mbao nikamkamata kola ya koti. Nilivuta. Tope nalo likavuta. Nilimwita Mungu, nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa, na uso wa mume wangu ulikuwa umebadilika rangi.

Aliyetuokoa ni mzee wa Kizungu mwenye kamera ndefu, ambaye hatukujua kwamba yuko mbele yetu kwenye matete. Alikuja akikimbia vibaya, magoti yamemkazana. Aliilaza miguu mitatu ya kusimamishia kamera yake majini, mume wangu akaishika, tukavuta sote wawili mpaka akatoka akiwa na buti moja. Jingine lilibaki kule chini, naamini liko huko mpaka leo. Yule mzee alimfunika blanketi kutoka kwenye gari lake, lenye manyoya ya mbwa, akakataa kulichukua tena.

Ndege wote walikuwa wameruka kwa vurugu yetu. Hapakubaki hata mmoja kwenye maji. Mume wangu aliketi kwenye kiti cha mbele, meno yanagongana, soksi moja inachuruzika tope, akatazama pale palipokuwa na makundi.

"Nimewaamia wote," alisema.

Alipata kikohozi kilichoshuka kifuani, akalazwa siku chache. Binti yetu alikuja kutoka Virginia. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akiwa na hasira Kiingereza chake hukimbia mpaka baba yake anaachwa njiani. Alisimama sebuleni bila kuvua koti. Alisema mambo ya kwenye tope yamekwisha. Alisema kuna kituo cha kutwa cha watu wenye shida ya macho, wana mazoezi, wana chakula, gari linakuja mlangoni. Aliyasema yote hayo akinitazama mimi.

"Mtoto wangu," baba yake alimkatiza kutoka kwenye kochi. "Mimi nipo hapa."

"Najua, Baba."

"Basi niambie mimi."

Binti alimgeukia. Akapiga magoti mbele ya kochi, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake, msichana mzima mwenye kazi ya ofisini, akalia. Mume wangu alimpapasa nywele. Mkono wake ulikosea kwanza, ukatua begani, kisha ukapata kichwa. Mimi niliingia jikoni nikafungua maji bila sababu.

Kituoni alikubali kwenda. Alienda wiki mbili akaacha. Alisema chakula chao hakina chumvi na watu wanazungumza naye kama ni kiziwi.

Mwezi wa tatu ulikuwa umeanza, mvua za baridi zikinyesha kila siku. Jumapili baada ya ibada aliniomba nimpeleke mara moja tu. "Sitashuka garini," alisema. "Nitakaa ndani, nikifungua kioo." Sikumwambia binti yetu.

Kuna mahali ambapo barabara inasogea karibu na maji. Niliegesha hapo, pua ya gari ikitazama ghuba, nikampa darubini. Wale weupe walikuwepo, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, wamejikusanya pamoja kama watu wanaongoja gari. Walikuwa na sauti siku ile. Siyo kelele za bukini. Ni mlio wa chini, wa kuitana, huyu anauliza na yule anajibu, na ulikuwa unasikika mpaka ndani ya gari.

"Wanaondoka leo," alisema.

"Umejuaje?"

"Sikiliza."

Kama nusu saa kabla ya giza wakaanza. Ni ndege wazito; wanakimbia kwanza juu ya maji, miguu inapiga, kisha wanainuka. Kundi la kwanza lilipita juu yetu nikaona matumbo yao. Mume wangu alikuwa anajaribu kuwafuata. Nilimwambia saa sita, saa saba, sasa saa nane, juu zaidi. Lakini kitu kinachotembea hakikai kwenye tundu la ufunguo. Kila alipofika walikuwa wameshapita. Aliendelea hivyo, shingo imemkaza, mpaka nikaacha kutaja saa. Akaishusha darubini mapajani.

"Wamekwisha?"

"Bado. Wanaendelea."

"Wakiisha niambie."

Tulikaa. Walikuwa wanaondoka kwa mafungu, wakijipanga mstari juu ya ghuba, wakiwa wadogo, wakiwa vitone, kisha hamna. Mvua ilianza tena. Fungu la mwisho lilikuwa la watano, na mmoja alichelewa kuinuka, nikawa namwombea kimoyomoyo. Aliinuka.

"Wamekwisha," nilimwambia.

Akapandisha kioo.

Tulipokuwa barabarani kurudi, vifuta maji vinakwenda, alisema bila kunigeukia, "Jicho la kulia lile tundu limezidi kufunga. Tangu mwaka mpya."

"Umemwambia daktari?"

"Sijamwambia mtu."

"Matone unaweka?"

"Naweka. Hayasaidii."

Nilikuwa kwenye njia ya kati, lori upande huu na lori upande ule, siwezi kusimama, siwezi hata kumshika mkono. Niliendesha tu. Aliniambia niangalie, nitoke kwenye njia inayofuata, na kweli ndiyo iliyokuwa yetu.

Kabla mwaka haujaisha tundu la kulia lilijifunga kabisa, na la kushoto likabaki na mwanga tu, anajua kwamba dirisha liko upande gani. Mwezi wa pili ulipofika nilimwambia twende. Alikataa. Nilimwambia atasikia sauti zao. Alisema sauti bila ndege ni kama kuketi nje ya harusi ya watu. Nikamwambia basi tukae nyumbani, akasema hapana, nenda wewe, ukirudi uniambie.

Nikaenda peke yangu, nikishangaa kwamba nimekwenda. Nilifika hadi mwisho wa ile njia ya mbao nikiwa nimeshika ule mkono wa kushikia kila hatua. Maji yalikuwa yamekupwa, tope limeachwa wazi, linang'aa kama bati. Swani walikuwepo. Korongo alikuwepo, shingo ameikunja mabegani kama mtu aliyefukuzwa kwao. Nilivitazama vitu vyote kwa makini, nikavipanga kichwani nani yuko saa ngapi, kwa saa ya Kiswahili, ili nisimkosee.

Jioni nilikaa naye mezani nikaanza. Nilimwambia upepo ulikotoka, maji yalivyokuwa, bukini wangapi na wapi. Alisikiliza amefumba macho. Nilimwambia swani wako saa tano, mbali, kama thelathini hivi, wengine wamelala na vichwa mgongoni. Aliuliza kama kuna wachanga wenye rangi ya kijivu. Nikasema wapo, wachache. Nilikuwa nimefika kwa wale wadogo wanaozama, naeleza jinsi mmoja alivyoibukia karibu kabisa na miguu yangu, ndipo akaweka kiganja chake mezani.

"Basi, mama," alisema. "Inatosha."

"Sijamaliza."

"Najua. Inatosha."

Nikainuka, nikapakua chakula. Nilimwambia wali uko upande wake na samaki upande wangu, akala taratibu, na hatukuzungumza juu ya ndege tena.